Mgeni wa Koti la Kijivu

"Fungua yako kwanza," alisema Shangazi Coleta, pini tatu zimebanwa midomoni. "Ya mwenzio iache kama ilivyo. Barua ya mtu ni siri yake."

Otilia alisimama mlangoni mwa kibanda cha kushonea, nyuma ya soko la Sumbawanga, upepo wa Septemba ukimvuruga nywele. Mikononi alikuwa na bahasha mbili nyeupe zenye muhuri mmoja. Miezi mitano alikuwa akienda posta kila Jumanne na Ijumaa, basi la Mbeya likishaingia, kuangalia sanduku la parokia, na miezi mitano karani alikuwa akitikisa kichwa kabla hata hajaulizwa. Leo hakutikisa.

Bahasha moja ilikuwa na jina lake. Ya pili iliandikwa Mayunga Luhende, kwa sanduku lile lile, kwa sababu kwao Mayunga, mbele ya Mwimbi, hakukuwa na posta. Tangu walipokuwa pamoja kidato cha tano, barua zake zote zilipitia kwa Otilia, na Otilia alizishika kama mtu anavyoshika yai.

Akaichana ya kwake. Alisoma mistari minne, akakaa chini juu ya robota la mitumba.

"Wamenichukua, shangazi. Na watanilipia. Ada, chakula, mpaka kitanda."

Coleta alitema pini, akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajiziba mdomo majirani wasije. "Nilikwambia! Cherehani zile nisingezifunika, ungesomea wapi wewe?"

Otilia hakucheka. Chuo kile cha binafsi, kule kaskazini, kilikuwa bado kipya. Kilichukua vijana mia na ishirini kwa nchi nzima, na ada yake ya mwaka mmoja baba yake Otilia, Beda, katekista wa Mwazye, hakuwahi kuishika maishani. Kumi tu ndio wangelipiwa. Na ili ulipiwe ilibidi umaskini wako uonekane kwa macho. Zamani mtoto wa mkulima alikuwa akifaulu anapewa waraka wa kusafiria, anabeba sanduku lake la bati, anakwenda. Hakuna aliyekuja kuchungulia chungu cha mama yake. Siku hizi walikuja kuchungulia.

Mwezi wa saba alikuja bwana mmoja mrefu, koti la kijivu, mkoba wa ngozi. Hakujitambulisha. Alianza kwa kuulizauliza kwa majirani, na Coleta, mtu wa mjini, aliinusa habari yake akiwa bado mtaa wa pili. Cherehani mbili zikafunikwa blanketi, redio ikahamia kwa jirani, chai ikachemshwa bila sukari. Bwana yule akaandika alichoandika, akaikataa hata hiyo chai. "Kwa waombaji siruhusiwi kuonja kitu," alisema, akaondoka. Otilia alitaka kumtumia Mayunga habari, lakini gari la bwana yule lilikuwa limeshashika njia ya Mwimbi, na Mwimbi hakukuwa na simu.

"Ya Mayunga nitaipeleka mwenyewe kesho," alisema sasa.

"Wewe? Mtoto wa kike umfuate mwanamume kwao?"

"Nafuata barua, shangazi."

"Barua hiyo naijua," Coleta alisema, akirudisha pini mdomoni. "Ndefu, nyeusi, ina mwanya. Haya, nenda. Jifunge kitenge, lori lina baridi."

*

Lori lilikuwa tupu, linakwenda kupakia mahindi. Nyanda za Ufipa zilikuwa zimechomwa, nyeusi upande huu, hudhurungi upande ule, hazina mti wa kuzuia upepo. Otilia alikaa nyuma ya kibini, bahasha ndani ya blauzi, akiwaza mambo aliyozoea kuwaza.

Alikuwa akimwaza Mayunga anavyocheka akificha mwanya kwa kiganja. Na ile asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya kukausha masikio, alipovua sweta lake bila neno, akamwekea Otilia mabegani, akaingia kufanya mtihani wa majaribio akitetemeka. Alipata alama mbaya kuliko zote za mwaka ule. "Namba zilikuwa zinacheza," alisema tu. Siku hiyo Otilia alijua kwamba hataolewa na mwingine.

Lakini baba yake alisema hapana. Mwaka mzima Mzee Beda alisema hapana. "Wasukuma leo wako hapa, kesho wamehamia Chunya na ng'ombe zao. Nitakufuata kwa nyayo za ng'ombe?" Kisha ghafla, mwezi wa nane, akabadilika. Alikuwa amesikia mnadani kwamba Mzee Luhende ana ng'ombe mia moja themanini na nne. "Mtu mwenye zizi kama hilo hahami ovyo," alisema. "Kijana na aje." Otilia alimbusu baba yake mikono yote miwili, hakuuliza habari hiyo imetoka wapi.

*

"Mkwe!" Mzee Luhende aliita kabla Otilia hajafika uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akisokota kamba ya katani. "Minza! Toka uone, Mungu ametuletea mgeni!"

Otilia alipiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Inuka, vumbi hilo litakuharibia nguo."

Mama Minza alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akamkumbatia, akamshika kidevu kumtazama kama amekonda. Na nyuma ya Mama Minza, akitokea zizini na kibuyu cha maziwa, alisimama Mayunga. Aliangalia macho ya Otilia, kisha akaangalia kifua chake pale kitenge kilipoinuka kwa pembe ya bahasha, akajua. Kibuyu kikamwinamia, maziwa yakamdondokea mguuni.

"Zimekuja?"

"Zimekuja."

"Kwanza mgeni ale," Mama Minza alisema. Pale nyumbani mtu haulizwi kilichomleta kabla hajanawa mikono. Kwa hiyo walikula, ugali wa ulezi na maziwa ya mgando, barua ikimuunguza Otilia kifuani, Mayunga akikata tonge asiloweza kulimeza. Mzee Luhende peke yake ndiye aliyekula kwa furaha. Alionekana na neno linalomwasha, na Otilia aliponawa tu, mzee alishindwa kulizuia.

"Sasa niambie, mkwe. Yule baba yako mdogo alirudi na maneno gani?"

"Baba mdogo yupi, baba?"

"Ananificha huyu!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Christopha! Si ulimwambia mama yako hapa, mwezi wa sita mnadani, kwamba baba yako mdogo atakuja kutuangalia? Basi alikuja. Mwezi wa saba, sisi tunapura maharage. Mayunga alikuwa Kabwe, ziwani, anatafuta nauli. Mtu mrefu, koti la kijivu, mkoba wa ngozi. Mtu mwenye adabu! Hakusema kilichomleta, kama inavyotakiwa. Anazunguka tu. Mvua zilikuwaje, watoto wangapi, ng'ombe hizi ni zenu? Nami nikajua huyu ni nani. Nikamfungulia zizi."

Maji yalikuwa bado yanachuruzika vidoleni mwa Otilia. Hakuyafuta.

"Alikula, baba?"

"Alikataa kabisa! Nilitaka kumchinjia beberu, akasema haruhusiwi. Nikamwambia Minza, hawa Wafipa wana msimamo, hawali kwa watu mpaka neno liishe."

Baba Mdogo Christopha, aliyejitolea kuja ili akamlainishe kaka yake, alianguka na baiskeli mwanzoni mwa mwezi wa saba, akavunjika mguu, hajatoka Mwazye mpaka leo. Otilia aliona aibu kuwatumia watu wa Mwimbi habari hiyo, wasije wakadhani ni kisingizio. Aliona aibu, akanyamaza. Kosa lake lilikuwa dogo kiasi hicho.

"Ulimwambia ni ngapi, baba?" aliuliza kwa sauti isiyo yake.

Mzee Luhende alijinyoosha kwenye kigoda. "Nilihama Maswa nikiwa kijana. Tangu siku hiyo, kila mtu wa ushuru akija hapa, ninazo kumi na mbili. Kumi na mbili mwaka huu, kumi na mbili mwaka ujao, kama vile hazizai! Kwetu hatuhesabu mifugo kwa sauti. Lakini siku ile nilifungua mdomo huu, nikasema, majirani wakisikia, mia moja themanini na nne, na zote ni zangu. Kwa ajili ya huyu." Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Ili asidharauliwe kwa wakwe."

Zote si zake. Otilia alilijua hilo. Mayunga alimwambia zamani. Sehemu kubwa ya zizi lile ni ng'ombe za watu, za ndugu na za wenye maduka, zilizowekwa kwa Luhende azichunge, naye malipo yake ni maziwa na ndama mmoja mmoja.

"Leteni basi hiyo barua," mzee alisema. "Mayunga, soma kwa Kiswahili, nasi tusikie."

Mayunga alisimama katikati ya ua. Otilia alisogea ubavuni mwake, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua, wakaisoma wote wawili, yeye kwa mdomo, Otilia kwa macho.

"Wanasema... wananipongeza. Nimekubaliwa. Shahada ya uhasibu."

Mama Minza alitoa sauti ndogo, akajishika kifua.

"Kuhusu ombi lako la kulipiwa masomo," Mayunga aliendelea, "mjumbe wetu alifika nyumbani kwenu..." Hapo akasita. Otilia alikuwa ameshafika mwisho wa aya. Tarehe ilikuwepo, na namba ilikuwepo kwa tarakimu na kwa maneno: ng'ombe mia moja themanini na nne. Familia ina uwezo. Ombi limekataliwa. Asiyeridhika alete rufaa ya maandishi, kwa posta au faksi, ndani ya siku kumi na nne. Na barua yenyewe iliandikwa siku kumi zilizopita.

"Alifika wapi?" mzee aliuliza. "Mjumbe yupi?"

Mayunga alikunja karatasi. "Ni maneno yao ya kiofisi, baba. Wanasema nafasi za kulipiwa zimejaa."

"Zimejaa."

"Zimejaa, baba. Waombaji walikuwa wengi."

Mzee Luhende aliinama juu ya kamba yake, akasokota kidogo. "Basi. Kujaa si aibu ya mtu."

*

Nyuma ya zizi, upepo ulikuwa unapuliza samadi kavu. Mayunga aliegemea magogo, mgongo kwa Otilia.

"Usimwambie."

"Mayunga."

"Nakuomba. Ukimwambia atakufa. Hujamwona alivyojinyoosha? Sijawahi kumwona amejinyoosha hivyo tangu nizaliwe."

"Mimi ndiye niliyemwambia mama yako kuna mtu atakuja. Mimi ndiye niliyenyamaza Christopha alipovunjika mguu. Na unajua kwetu tulifanya nini? Shangazi alifunika cherehani. Mimi nimepita kwa blanketi, Mayunga! Baba yako kafungua mlango, ndiye anaitwa tajiri."

"Umepita?" Aligeuka. "Hukuniambia. Wamekulipia?"

Otilia aliitikia kwa kichwa. Na uso wa Mayunga ukafanya kitu ambacho Otilia hakukisahau mpaka uzeeni: ulifurahi. Katikati ya msiba wake ulifurahi kabisa, mpaka mwanya ukaonekana, wala hakuuficha.

"Basi mmoja wetu amepita," alisema.

"Nisipokwenda nawe siendi."

"Utakwenda! Usinibebeshe na hilo. Mimi nitaomba tena mwakani."

"Mwakani atakuja mgeni mwingine. Na baba yako, kwa sababu hajui, atamfungulia zizi."

Mayunga alibandua gamba la gogo.

"Siku nne zimebaki," Otilia alisema. "Tuandike rufaa."

"Tuandike nini? Kwamba baba yangu ni mwongo? Na mzee wako je? Alikubali kwa sababu gani? Kwa mwanya wangu huu? Alikubali kwa namba ile. Ikijulikana si zetu, atasema hapana, na safari hii atakuwa na haki. Chuo kinataka niwe fukara. Baba yako anataka niwe tajiri. Nami ni yule yule, Otilia. Nyumba ile ile, zizi lile lile. Nikimridhisha huyu, nampoteza yule."

Otilia alitaka kumshika mkono. Hakuthubutu, hapo kwao, mchana kweupe. Alimtazama tu, naye akatazamwa, na katika kutazamana kule waliona miaka yote wanayoitaka, na jinsi ilivyokuwa inashikiliwa na uzi.

"Ukichagua mwenyewe," alimuuliza taratibu, "unachagua nini?"

"Wewe. Mara mia, wewe."

"Basi umenichagua kwa uongo, na mimi siutaki." Akageuka, akaanza kurudi uani.

"Otilia! Nimekuomba!"

"Baba yako si mtoto, Mayunga."

*

Alipiga goti mbele ya kigoda, akaanza kusema kabla woga haujamwahi.

"Baba, nisamehe. Yule mgeni hakuwa baba yangu mdogo. Baba mdogo alivunjika mguu, hakuja. Mimi ndiye nilipaswa kuwaambia. Yule ni mtu wa chuo. Alikuja kuangalia kama Mayunga ni mtoto wa maskini, ili wamlipie. Aliona zizi, akaandika ni tajiri."

Mikono ya Mzee Luhende iliendelea kusokota, mara moja, mara mbili. Kisha ikasimama. Mama Minza alikuwa ameshika sufuria, akaiweka chini polepole isitoe mlio.

"Alikuja kuangalia njaa yetu," mzee alisema mwishowe.

"Ndiyo baba."

"Nami nikamfichia." Akaitazama mikono yake. "Maisha yangu yote nimewaficha mali watu wa namna ile. Siku moja tu nikafanya kinyume." Akainua macho, akamwona mwanawe amesimama pembeni ya zizi. "Na wewe. Nafasi zimejaa?"

"Nisamehe, baba."

"Ungeniacha nife sijui nimekufanya nini."

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Mzee Luhende alijipapasa magoti, na Otilia akaona kwamba sasa amezeeka, ile miaka aliyoivua alipojinyoosha imemrudia yote.

"Una kalamu, mkwe?"

"Ninayo."

"Andika."

"Mzee," Mama Minza alisema chini chini, "mbele ya mkwe?"

"Mbele yake hasa. Andika, mwanangu. Mimi Luhende, wa mbele ya Mwimbi. Ng'ombe zangu mwenyewe ni ishirini na tatu."

Mama Minza aliinua kichwa. Miaka ishirini na minane ya ndoa, hakuwahi kuisikia namba hiyo.

"Ishirini na tatu," mzee alirudia, kwa shida, kama mtu anayevuliwa nguo. "Sitini na moja ni za kaka yangu aliyebaki Maswa. Arobaini za mwenye duka la Mwimbi..." Aliwataja wote, mwenye mali na mali yake, rangi na pembe, hakuruka hata mmoja, karatasi ikajaa upande wa kwanza, Otilia akageuza. "Andika pia: nilidanganya. Nilidanganya kwa sababu nilidhani ni mkwe. Mtu wa ofisini ataelewa hilo?"

"Sijui, baba."

"Hata asipoelewa, liandike."

Otilia aliandika. Mkono ulipomaliza, mzee alisema, "Sasa andika nyingine kama hiyo hiyo."

"Ya nini, baba?"

"Ya Mzee Beda. Asije akaambiwa na watu wa mnadani. Aambiwe na mimi. Akimkatalia mwanangu, amkatalie kwa kweli."

Mayunga aligeuza uso, akauelekeza kwenye nyanda zilizoungua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baba yake hakumwita mwanamume dhaifu. Alimwacha.

Karatasi ya pili ilipokuwa tayari, walipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba la mzee, akabonyeza mara mbili. Chini ya alama ya dole palihitajika jina la shahidi. Mayunga alikuja, akachuchumaa, macho mekundu.

"Mama ataweka dole," alisema. "Wewe usiweke. Baba yako ataiona sahihi yako. Atajua ulikuwepo. Atajua umeijua namba."

"Ndiyo maana naiweka," Otilia alisema.

Akaandika jina lake lote, Otilia Beda, kwa mwandiko ambao baba yake ndiye aliyemfundisha, juu ya vumbi la ua wa kanisa, kabla hajaanza shule. Mara mbili.

Jua lilipoanza kushuka lori lilirudi, limejaa. Mayunga alimsindikiza mpaka barabarani, hatua moja nyuma yake. Alipopanda juu ya magunia, Mayunga alivua sweta lake, akalirusha juu. Lilikuwa lile lile.

"Wakikataa wote wawili?" aliuliza, injini ikinguruma.

Otilia alilivaa, mikono ikampita vidole. "Nitakuja kukwambia mwenyewe," alisema. "Hutaambiwa na barua."

Walipofika njia panda ya Mwazye, aligonga bati la kibini kwa kiganja. Lori likasimama, utingo akachungulia.

"Dada, si ulisema mjini?"

"Mjini nitafika kesho," Otilia alisema, akishuka kwa kushika kamba, karatasi moja kifuani, ya pili mkononi. "Leo nashuka hapa. Kuna mtu lazima asome hii kwanza."